Fundi Turubai, 1958–2024: Aliyewafundisha Wengi Kutulia Mashuani

Huyu tunayemzika leo, ambaye wengi wenu hamkuwa na jina jingine la kumwita ila Fundi Turubai, alizaliwa alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha pampu za maji, kando ya ziwa. Baba yake alikuwa mwendesha pampu. Mama yake alifua na kupiga pasi nguo za watu. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Wawili waliomfuata walifariki wakiwa wachanga, na wa mwisho ni dada yake, mwalimu, aliyeuandika wasifu huu na ambaye ndiye anayeusoma. Familia ilimpa kazi hii naye akaipokea kwa sharti moja, kwamba atasema yaliyokuwa.

Marehemu hakuwa mtoto wa kukaa mahali pamoja. Bomba kubwa la maji lilipita nyuma ya nyumba yao, na alijifunza kutembea juu yake kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mama yao alikuwa akimwambia, "Wewe mtoto, kaa kitako! Au umekalia sindano?" Naye akijibu, "Nakaa, Mama, kiti ndicho kinachohama."

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1971, kisha akaingia chuo cha ufundi mwaka 1973, kozi ya turubai na ngozi, akamaliza Desemba 1975. Cheti chake kipo hadi leo, kimefungwa kwenye nailoni. Mkuu wa chuo aliandika humo: "Bidii: nzuri sana. Ukweli: nzuri sana. Utulivu: wastani." Alikuwa akikionyesha kwa wageni huku akicheka, akisema kwamba katika maisha yake yote hakuna mtu aliyemwandika sawasawa kama yule mzee.

Januari 1976 aliajiriwa katika karakana ya kushona maturubai ya malori. Wanaoikumbuka karakana ile watakumbuka ilivyonuka nta na mafuta ya cherehani, na ile mashine ya sindano nene iliyotetemesha madirisha ya duka la jirani. Mwezi Mei 1979 klabu ya mashua ilileta tanga lililochanika. Alilishona siku mbili, akalipeleka mwenyewe akiwa amelibeba begani, akasimama gatini akiuliza maswali hadi katibu wa klabu akachoka. "Fundi," akamwambia, "maneno hayaelei. Panda uone." Alipanda. Alipinduka mara tatu siku hiyo, akarudi kazini na nguo zinachuruzika maji, na mwajiri wake akamuuliza kama tanga lilikuwa limemkataa.

Hapo ndipo mwili wake ambao haukutulia ulipopata kazi. Katika mashua ndogo ya mtu mmoja, uzito wa mwanamashua ni nusu ya chombo. Anapojilaza nje, mashua inasimama na kukimbia. Anapochelewa, inalala na kuzubaa. Marehemu aliyaelewa haya kwa kiuno kabla ya kuyaelewa kwa kichwa. Upepo ukiwa hafifu, wakati wa kubisha, yaani kuigeuza mashua ipokee upepo kwa upande wa pili, mwanamashua anaruhusiwa kuilaza mara moja kwa uzito wake na kuisimamisha mara moja, na mashua hutoka kwenye kona ile kama sabuni iliyobanwa mkononi. Anaruhusiwa mara moja tu. Akiendelea kuisukasuka huku na huku baada ya hapo, anayeisukuma mashua ni kiuno chake, wala si upepo. Huko kunaitwa kutikisa, na kumekatazwa.

Jumapili tarehe 8 Novemba 1981 alishinda kombe la klabu. Upepo ulikata mita mia mbili kabla ya mwisho, wenzake wakasimama kama vikombe mezani, yeye akafika. Wiki mbili baadaye alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti wa klabu akiwa na kombe ndani ya mfuko wa saruji.

"Mwenyekiti, hili si langu."

"La nani?"

"La aliyenifuata. Mimi nilitikisa."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa nimekuja."

"Kijana, kombe limeshachongwa jina lako. Unataka tulipige msasa?"

"Nimekuja na msasa, mzee."

Mwenyekiti alicheka mpaka akaita mke wake aje asikie. Lakini kombe lilipigwa msasa. Marehemu alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alisimama mbele ya mtu ambaye hakuwa ndugu yake, akasema kosa ambalo hakuna aliyelijua, na hakuna kilichompata. Dada yake alikuwa na miaka kumi na minne wakati ule, na kwa sababu ya kombe lile alimwamini kaka yake kuliko alivyomwamini mtu mwingine yeyote duniani. Huenda alimwamini kupita kiasi.

Mwaka 1989 alifungua karakana yake mwenyewe. Mwaka huohuo mkunga wa zahanati alikuja kuagiza pazia la chumba cha kujifungulia. "Nataka pazia lisilopitisha macho," alisema. Fundi akamshonea la turubai, zito, na usiku wa kwanza likang'oa reli yake ukutani. Alikwenda kurekebisha. Akaenda tena. Mara ya tatu hakukuwa na kitu cha kurekebisha, na mkunga akamwambia, "Fundi, sema ulichokuja kusema, nina wagonjwa." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Juni 1990. Kwa karibu miaka thelathini na minne hakuna jirani aliyewahi kusikia sauti ikipanda katika nyumba ile.

Walijaliwa mtoto mmoja, binti, tarehe 3 Septemba 1993. Alizaliwa mwepesi sana, kilo mbili na robo, na baba yake akamwita Unyoya. Jina likamkaa. Alipofika miaka saba, marehemu aliweka ubao juu ya kipande cha bomba katikati ya karakana, akaning'iniza kamba ya kushikilia kutoka kwenye kenchi la paa, akamketisha binti juu ya ubao na kikombe cha maji mbele yake. Kazi ilikuwa kuulaza ubao mara moja, kuuinua mara moja, na kutulia maji yasimwagike.

"Subiri," alikuwa akimwambia. "Subiri. Sasa lala. Simama. Tulia! Nimesema tulia, Mama, ubao ushafanya kazi yake, wewe unamalizia nini?"

"Baba, nikitulia kabisa naanguka."

"Anayetulia haanguki. Anaanguka anayehangaika."

Mkunga alikuwa akipita mlangoni na ndoo yake. "Baba Unyoya, huyo mtoto utamvunja kiuno."

"Kiuno hakivunjiki kwa kutulia."

"Basi panda wewe tuone."

Alipanda. Maji yakamwagika yote. Binti alicheka akaketi chini kwenye vumbi la nyuzi, na baba yake akacheka naye. Hicho ndicho kicheko ambacho mkunga ameomba kitajwe leo.

Kuanzia mwaka 1999 marehemu alikuwa mwamuzi wa mashua majini. Aliketi katika boti ndogo ya injini, na dereva wake, ambaye wote tunamwita Gia, nyuma yake kwenye usukani. Walizifuata mashua kwa karibu, macho yao yakiwa kwenye mabega na viuno vya watu. Akimwona mtu anatikisa, alipuliza filimbi, akainua bendera ya njano, akamwelekezea na kutaja namba ya tanga lake. Bendera ya kwanza, mwanamashua huzunguka mara mbili papo hapo, kisha huendelea. Bendera ya pili katika mfululizo uleule wa mashindano, hutoka katika shindano hilo. Mtu hawezi kuipinga kwa sababu tu mwamuzi amekosea kuona.

Alikuwa mkali. Alikwisha kumtoa mjumbe wa kamati, na aliwahi kumtoa mtoto wa mfadhili. Vijana walimwimba gatini, "Turubai anakuja, kaza kiuno!" naye akawa anawapungia mkono. Aliwaambia, "Upepo ukikunyima, kaa unyimwe. Na mwenzako ananyimwa vilevile." Kanuni ile ni nzuri. Dada yake bado anaiamini, na yatakayosomwa sasa hayaipunguzii kitu.

Jumapili, tarehe 21 Agosti 2011, lilikuwa shindano la mwisho la kuchagua vijana watatu wa kwenda kushindana nje. Unyoya alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, akiongoza. Siku iliyotangulia alikuwa amepata bendera moja kutoka kwa mwamuzi mwingine, kwa haki, na aliikubali: alibisha vibaya, akaisukasuka mashua mara mbili, akazunguka. Asubuhi ya Jumapili yule mwamuzi mwenzake alimwambia marehemu, "Leo watu wote watakuwa wanakutazama wewe. Binti yako ana bendera moja." Marehemu akajibu, "Wacha watazame."

Saa nane na dakika ishirini mchana, upepo ulikuwa umebaki wa kupuliza mshumaa. Boti ya waamuzi ilikuwa nyuma, na Gia akaongeza mwendo ili wawafikie walio mbele. Walipomkaribia Unyoya ubavuni, akazima injini. Boti ikasimama. Wimbi la boti halikusimama. Lilikwenda mbele yake, la chini na refu, likapita chini ya ile mashua nyepesi, na mashua ikalala huku, ikalala kule, ikalala huku. Binti alifanya kile alichofundishwa juu ya ubao: aliyaacha mabega yafuate, akatulia.

Marehemu alikuwa anatazama mabega. Aliyaona yakienda mara tatu. Akapuliza.

Isemwe hapa, mbele ya jeneza lake, kwa kuwa haijawahi kusemwa mbele ya watu: binti hakutikisa. Lile wimbi lilikuwa la boti ya waamuzi.

Gia yuko hapa na ameruhusu maneno yake yasomwe. Bendera ilipokuwa bado juu, alimwinamia marehemu akasema, "Bosi, lile wimbi ni letu."

"Filimbi imelia," marehemu alisema.

"Imelia, ndiyo. Lakini ni letu."

"Gia, endesha boti."

Unyoya aliitazama bendera, akatazama huku na huku kuona anaelekezewa nani. Kisha akashusha tanga.

Saa kumi jioni alikuja katika chumba cha waamuzi, chumba kile chenye meza ya pingpong na ubao wa matokeo, koti la kuelea bado mwilini, maji yakidondoka sakafuni. Hakupiga kelele. Walioshuhudia wanasema alikuwa kama mtu anayeuliza njia.

"Baba, uliona nini?"

"Niliona mabega."

"Nilikuwa nimetulia. Nilitulia kabisa. Uliona wimbi?"

Marehemu alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Waamuzi wenzake wawili walikuwa mezani, wazazi wa wale vijana wengine walikuwa mlangoni, na wote walikuwa wamesubiri siku nzima kuona kama Turubai atambeba binti yake.

"Niliona nilichoona," alisema.

"Kwa hiyo nilitikisa?"

"Ulitikisa."

Binti aliitazama mikono yake, kisha miguu yake. "Sikujua," alisema. Akatoka.

Marehemu aliogopa kuonekana anampendelea mtoto wake, na woga ule akauita uadilifu. Uko uadilifu wa namna hiyo, ambao ni woga uliovaa sare, na sisi tunaopenda kanuni ndio unaotupata zaidi. Kosa la jicho ni la kila mwamuzi. Alilosema katika chumba kile halikuwa kosa la jicho.

Jioni ileile dada yake alimpigia simu. Alikuwa amesikia mjini kwamba Turubai amemtoa binti yake mwenyewe. "Kaka," alimwambia, "umefanya vema. Hivyo ndivyo sheria inavyotakiwa kushikwa." Marehemu akasema, "Asante, Mwalimu." Kwa miaka tisa iliyofuata dada yake aliwasimulia wanafunzi wake kisa kile kila mwanzo wa mwaka, kama mfano wa mtu mwadilifu. Madarasa tisa yalikisikia. Yeye hakukiuliza kisa kile swali hata moja, mtu aliyesomeshwa chuoni miaka miwili kuuliza maswali.

Unyoya hakupanda mashua tena. Mwezi Oktoba mwaka ule alihamia mji mwingine, akasomea ufundi wa lifti, akaajiriwa. Aliwapigia wazazi wake simu kila mwezi, kwa adabu. Hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililomtesa baba yake. Angekuwa na kinyongo, marehemu angejua kwamba walau yeye anaujua ukweli. Binti alimwamini. Kwa kuwa baba yake hakuwa mtu wa kusema uongo, na kombe lililopigwa msasa lilikuwa kabatini klabu kwa yeyote kulitazama, alihitimisha kwamba mwili wake ulikuwa umeiba bila yeye kujua.

Mwezi Machi 2019 mkasi ulimdondoka marehemu kutoka mkono wa kushoto akiwa karakana. Aliuokota, ukadondoka tena. Kwa mwaka mzima alisema ni baridi yabisi. Oktoba 2020 daktari wa mishipa ya fahamu alimwambia yeye na mkewe kwamba ni ugonjwa unaoua mishipa inayoendesha misuli: mikono kwanza, kisha miguu, kisha ulimi, na mwisho pumzi. Akili haiguswi. Marehemu aliuliza swali moja, "Ulimi, lini?" Daktari akasema, "Mwaka mmoja. Pengine miwili."

Wiki ile alimwita dada yake karakana. Mashine ilikuwa imefunikwa. Alimweleza yote, wimbi, maneno ya Gia, chumba cha waamuzi.

"Nenda ukamwambie," alimwomba. "Mimi nikishika simu maneno yanakwama."

"Kaka, kwa ukweli wa namna hii hatumwi mtu. Mwambie mwenyewe."

"Mwalimu, nakuomba."

"Ulimwambia mwenyekiti ukiwa kijana. Huyu ni mwanao."

"Ndiyo maana," alisema.

Dada yake alisimama akaondoka. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ya madarasa tisa kuliko ya mtoto mmoja. Aliamini kwamba anamsaidia kaka yake awe mtu tena. Hakumpigia Unyoya simu siku ile wala siku nyingine.

Marehemu alijaribu. Mkunga anazikumbuka simu tatu, zote za mwaka 2021, yeye akimshikia simu sikioni. Ya kwanza aliongea habari za turubai la lori la mahindi. Ya pili aliongea habari za mvua. Ya tatu alisema, "Mama, siku ile ya Agosti," na Unyoya akamkatiza kwa upole, "Baba, hayo yamepita, wala usijisumbue, ulifanya kazi yako." Baada ya hapo marehemu alimwashiria mkunga kwa kichwa aiondoe simu. Alianza barua pia, kwa mkono wa kulia uliokuwa bado na vidole viwili vyenye nguvu. Ipo. Ina maneno mawili: "Mwanangu mpenzi." Kufikia Aprili 2022 sauti ilikuwa imekwisha. Akawa anazungumza kwa karatasi yenye herufi: mkunga anapitisha kidole, na yeye anafumba macho mara moja kukubali, mara mbili kukataa. Neno moja lilichukua dakika kumi, na kumchosha kama mtu aliyepanda mlima.

Ijumaa, tarehe 12 Januari 2024, Unyoya alikuja kumwona. Alikuwa jikoni na mama yake wakimenya viazi, shangazi yake akiosha vyombo, na kwa mara ya kwanza tangu ahame alizungumza juu ya mashua.

"Kazini huwa nawaachia wenzangu kupanda juu ya kizimba cha lifti," alisema. "Mimi nashika tochi."

"Unaogopa kuanguka?" mama yake akauliza.

"Siogopi kuanguka. Siuamini mwili wangu, Mama. Siku ile niliapa kwamba nimetulia, kumbe natikisa. Sasa nitajuaje?"

"Baba yako angeweza kukosea."

"Baba? Baba hawezi kusema uongo hata kwa dawa."

Shangazi yake alikuwa na sahani mkononi. Aliisuuza, akaisuuza tena.

Jumamosi asubuhi marehemu alitaka karatasi ya herufi. Alikataa mkewe aishike. Alimwangalia Unyoya hadi Unyoya akaichukua. Ilikwenda herufi kwa herufi, jasho likimtoka, mpaka likasimama neno: wimbi.

"Wimbi?" binti alisema. "Baba, unataka kwenda ziwani?"

Alifumba macho mara mbili. Akaanza tena. Wimbi.

"Anataka kuliona ziwa," Unyoya alimwambia mama yake. "Miaka mingapi hajaliona?"

Akafumba mara mbili, na mara mbili, na mara mbili, kisha kope zikachoka zikawa zinafumba bila hesabu, na wakasema amekubali. Dada yake alikuwa mlangoni na trei ya chai. Yeye peke yake katika chumba kile alijua kinachosemwa. Ilihitajika sentensi moja. Alijiambia kwamba amwache kaka yake amalize mwenyewe, kwamba kesho ataendelea na herufi nyingine. Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo liandikwe: kama angesema, angeulizwa amejua tangu lini.

Wakamvalisha sweta. Dada yake ndiye aliyekunja kiti cha magurudumu na kukipakia kwenye gari. Ziwani upepo ulikuwa umekata kabisa, maji yamelala kama shuka iliyopigwa pasi. Unyoya alichuchumaa kando ya kiti, akamshika baba yake mkono usioshika, akasema, "Leo hakuna wimbi hata moja, Baba. Pole." Machozi yalimtoka marehemu. Mkewe akayafuta, akageuza kiti, akidhani jua linamuumiza macho.

Unyoya aliondoka kesho yake asubuhi kurudi kazini, akiahidi kuja mwezi wa sita. Baada ya safari ile marehemu hakuitaka tena karatasi ya herufi. Mkewe aliipitisha kidole kila asubuhi, naye akaitazama dari. Alikata pumzi Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tano na robo asubuhi, nyumbani, mkewe akiwa ameshika kichwa chake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita na miezi mitatu.

Ameacha mke, mkunga mstaafu, aliyemuuguza miaka mitano bila kulala usiku mzima hata mmoja. Ameacha binti, fundi wa lifti, aliyeketi hapa mstari wa mbele, na ambaye ameyajua haya tangu jana mchana, kwa kuwa haikuwa haki ayasikie kwanza hadharani. Alipoambiwa, hakulia. Aliuliza, "Alijua siku ileile?" Akaambiwa ndiyo. Akauliza, "Na wewe, Shangazi?" Akaambiwa tangu mwaka 2020. Akasema, "Sawa," akaenda kukaa peke yake ndani ya karakana, na tangu hapo hajasema na mtu. Ni yeye aliyetaka yasomwe yote, kwa kuandika neno "ndiyo" pembeni mwa ukurasa. Marehemu ameacha pia dada, mashemeji wanne, mafundi wawili aliowafunza kazi, dereva wake Gia, na vijana wengi wa klabu ambao leo ni watu wazima.

Dada yake amepeleka klabu maelezo ya Gia yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Klabu imejibu jana jioni kwa barua ya heshima: inatoa pole kwa familia, inathamini utumishi wa marehemu, na inasikitika kwamba matokeo ya Agosti 2011 hayawezi kufunguliwa tena. Wako sahihi. Ndivyo kanuni inavyosema, na marehemu mwenyewe angewajibu hivyohivyo. Kwa hiyo ubao wa matokeo utabaki ulivyo, na Unyoya ataendelea kuandikwa humo kwamba alitolewa kwa kutikisa, na hakuna kati yetu mwenye uwezo wa kulifuta neno hilo hapo wala ndani yake.

Mwenyezi Mungu amjalie kaka yetu pumziko ambalo sisi, tuliokuwa karibu naye na tuliokuwa na sauti, hatukumpa.